Alama Nyekundu Kwenye Puli

Pikapu yetu ilipofika kutoka bandarini ilikuwa na kipande cha utepe mweusi kwenye dashibodi, pembeni ya geji ya mafuta. Mama alidhani utepe ule unaziba ufa. Mimi nilidhani unaficha kitu, lakini miaka ile nilidhani kila kitu kinaficha kitu, kwa hiyo hakuna aliyenisikiliza. Jua la Dodoma lilifanya kazi yake polepole. Siku moja tukirudi kutoka Mpwapwa na mzigo wa vitunguu, gundi iliachia, utepe ukaniangukia miguuni, na pale ulipokuwa pakaonekana taa ndogo inayowaka. Chini ya taa kulikuwa na herufi chache za Kiingereza. Nilizisoma, nikazirudia, ndipo nikamwambia mama kwamba gari linataka libadilishwe mkanda wa ndani ya injini.

"Tangu lini?" aliuliza, macho yakiwa barabarani.

"Sijui. Labda tangu Japani."

Tukaingia barabara kuu. Kisha akasema, "Yule mtu alijua." Yule mtu ni aliyetuuzia gari huko Dar es Salaam, kijana mwenye tabasamu lisilokwisha, ambaye mama alikuwa ameanza kumshuku hata kabla hajafungua mdomo.

Ilikuwa miaka ambayo watu waliiita ya ruksa. Maduka yalijaa vitu ambavyo utotoni tulivisikia tu, na wakati huohuo mashirika ya umma yalikuwa yanapunguza watu. Mama alikuwa mmoja wa waliopunguzwa. Kiinua mgongo chake chote kiligeuka pikapu ya dizeli iliyotumika, na pikapu hiyo ndiyo iliyotulisha. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu na digrii ya jiografia, mwaka ambao serikali haikuwa tena inawapangia wahitimu kazi. Nilikaa nyumbani nikiandika barua za maombi na kuwaza kwa nini hazijibiwi.

Mama aliendesha mwenyewe. Alikuwa ameajiri madereva, akawafukuza mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alimshuku kwamba anauza dizeli njiani. Aliyefuata, kwamba anabeba abiria wake. Wa mwisho sikumbuki alimshuku nini, ila alikuwa mpole kupita kiasi na mama aliona upole ule haukuwa wa bure. Baada ya hapo alikwenda kujifunza udereva, mama wa makamo na kanga yake kiunoni, na ndani ya muda mfupi akawa anajulikana kwenye minada yote kuanzia Kibaigwa hadi Haneti.

Habari ya mkanda ule nilikwenda kuisoma maktaba ya mkoa. Ni mkanda wa mpira wenye meno. Unaunganisha sehemu ya chini ya injini, inayosukuma pistoni, na sehemu ya juu, inayofungua valvu, ili zote ziende kwa mpangilio mmoja. Kwenye injini kama yetu, mkanda ukikatika au ukifungwa vibaya, valvu zinashuka wakati pistoni zinapanda, na vyuma vinakutana. Baada ya hapo hakuna tena injini. Nilimweleza mama jioni tukichambua mchele. Nadhani nilimweleza kwa urefu mno, maana aliinua mkono kunikatisha.

"Kwa hiyo injini ikifa, mimi na wewe tunauza maandazi."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe maandazi hujui kupika."

Tatizo lilikuwa Haneti. Kulikuwa na magunia ya alizeti yanatusubiri huko, ya wafanyabiashara wawili ambao walikuwa wateja wake wakubwa. Walishatuma ujumbe kwamba mama asipofika siku ya mnada watapakia kwenye lori la mtu mwingine, na mteja aliyeonja lori harudi kwenye pikapu. Mkanda ulipaswa kubadilishwa kabla ya siku hiyo, na siku hiyo ilikuwa karibu.

Kununua mkanda kulinipa kazi ya kutosha. Muuza spea aliweka maboksi mawili kauntani, akasema hili la orijino na hili la kawaida. Yalifanana kwa kila kitu. Nilisoma maandishi ya pande zote, nikanusa mpira, nikatafuta kosa la herufi. Sikuliona, na kutoliona kukaniongezea wasiwasi, kwa sababu mtu anayeghushi kwa uangalifu kiasi hicho ni hatari zaidi. Mwishoni mama alichukua lile lililoitwa orijino na kumwambia muuzaji, "Nyumba yako naijua." Hakuwa anaijua.

Gereji ilikuwa uwanja nyuma ya reli, umezungushiwa mabati yaliyopasuliwa kutoka kwenye mapipa. Vumbi jekundu lilikuwa limelowa oili mpaka likawa kama lami. Fundi mwenyewe alikuwa mtu mnene wa Mpwapwa, msemaji, aliyependa kueleza magari ya wakubwa gani aliwahi kuyafungua. Kila mkubwa aliyemtaja kwa cheo alikuwa ameondoka pale ameridhika na ameahidi kurudi. Sikuwahi kuelewa kwa nini basi warudi kama waliridhika, lakini sikuuliza.

Siku zile hukumwachia fundi gari. Ulikaa nalo. Jambo hilo halikuwa tusi, lilikuwa desturi, na mafundi wenyewe waliweka mabenchi kwa ajili ya walinzi kama sisi. Kila mtu alikuwa na hadithi ya gari lililoingia gerejini na oltaneta yake nzima, likatoka na nyingine iliyochoka, na fundi akaapa kwamba ndiyo ileile. Mama alikuwa na mizigo midogo ya mjini ya kutafutia mkokoteni, kwa hiyo alinituma mimi.

"Hiyo digrii yako ikae pale imtazame," alisema.

Kwenye benchi nilimkuta mzee mmoja, mtumishi wa serikali, analinda gari lake dogo ambalo lilikuwa limeinuliwa juu ya mawe. Nilimwamkia shikamoo, akanisogezea nafasi. Alikuwa na redio ndogo na uzoefu mwingi.

"Mara yako ya kwanza?" aliuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Basi sikiliza. Akikutuma maji, usiende. Akikutuma soda, usiende. Akikwambia mbona unachoka juani kaa kule kivulini, ujue kuna kitu anataka kufungua."

Fundi alimsikia. "Mzee wangu, mwaka jana ulikaa hapohapo. Nilikuibia nini?"

"Sijajua bado," mzee alijibu, akaongeza sauti ya redio.

Nilimkabidhi fundi boksi la mkanda. Aliukunja mkanda, akaunusa kama nilivyounusa mimi, akauliza, "Kwa nini hamkuniachia niwanunulie mwenyewe?"

"Mama alikuwa anapita njia ya dukani."

"Haya. Utafaa," alisema, kwa sauti ambayo nilijitahidi kuielewa asubuhi nzima.

Kazi ikaanza. Alitoa feni, akatoa mikanda ya nje, akavuta puli kubwa ya chini, gurudumu linaloendesha mikanda, kwa chombo chenye miguu kama kaa. Kila boliti aliitia kwenye kopo la maziwa, na kila moja niliisindikiza kwa macho. Nadhani midomo yangu ilikuwa inacheza.

"Binti, unahesabu?"

"Natazama tu, fundi."

"Hesabu. Ila zikibaki mwishoni usimwambie mtu."

Kava lilipotoka niliinama nione. Mkanda wa zamani ulikuwa umepasuka mgongoni kama udongo wa bwawa lililokauka. Taa ilikuwa imesema kweli, nami nikapata aibu kidogo, maana njia nzima kutoka nyumbani nilikuwa nimeanza kuishuku taa. Fundi akasema kwanza azungushe injini taratibu kwa mkono, mpaka puli za juu na chini zikae kwenye alama zake, ndipo atoe mkanda. Aliingiza spana chini, akaanza kuvuta. Chini kulizunguka. Juu kukasita, kisha puli ya juu ikaruka yenyewe kwa kishindo. Meno ya mkanda yalikuwa yamedondoka kama punje za mahindi yaliyoliwa na dumuzi.

Hata mimi nilielewa maana yake. Mpaka dakika ile mkanda mbovu ulikuwa umeshikilia kila kitu mahali pake, na fundi angeweza kunakili mpangilio wake. Sasa juu kumekwenda kwake na chini kwake. Kilichobaki ni alama peke yake.

Fundi alipangusa puli ya juu kwa kitambaa. Kukatokea nukta nyekundu, nzuri, ya mviringo. Akapangusa puli ya pampu ya dizeli, inayozungushwa na mkanda huohuo, nayo ikawa na yake. Uso wake ukabadilika.

"Aaa. Kumbe kuna mwenzangu amepita hapa." Alinigeukia. "Mlilipeleka kwa nani?"

"Sijui, fundi. Labda nilipokuwa chuoni."

"Hujui, au umeambiwa usiseme?"

"Sijui kweli."

Akacheka, lakini hakuridhika. Mafundi wa Dodoma waliona wivu juu ya magari kuliko juu ya wake zao, na gari lililokwishashikwa na mwingine lilikuwa jambo la kuzungumzwa. Hata hivyo alimsifu mwenzake huyo asiyejulikana. Alisema fundi mwenye adabu akimaliza kazi huweka alama ya rangi, ili atakayekuja baadaye asisumbuke. Sasa yeye ataleta nukta zile nyekundu mbele ya vinundu vya kwenye bodi ya injini, aweke chini mahali pake, afunge mkanda, kazi imekwisha.

Nilikuwa nimesoma kwamba kiwanda chenyewe hugonga alama kwenye puli. Nikauliza ziko wapi.

"Zipo, zimefunikwa na grisi. Kwani hizi hazionekani?"

Zilionekana, na ndicho kilichonisumbua. Rangi ile ilikuwa inang'aa mno kwa rangi ya gereji. Nilikuwa nimeiona mahali, nikawa na hakika naifahamu, lakini akili ilikataa kuniambia wapi. Nikaanza kupiga mahesabu. Labda ameziweka yeye mwenyewe niliposhughulika na kopo la boliti. Lakini aziweke kwa faida gani? Labda ili injini ife, atuuzie nyingine. Lakini injini nyingine angeitoa wapi? Nilitazama uwanjani. Kulikuwa na injini nyingine mbili zimelala kwenye magunia. Nikaacha kutazama uwanjani.

Alifunga mkanda mpya. Alilegeza tenshina, lile gurudumu dogo lenye springi linalokaza mkanda, ikajikaza yenyewe. Puli tatu na mkanda mweusi unaong'aa, nukta nyekundu zimekaa sawasawa kwenye vinundu vyake. Ungepiga picha. Kisha akaweka tena spana chini na kuanza kuzungusha, kuhakikisha.

Ilikwenda kidogo, ikasimama.

"Kompresheni," alisema. "Dizeli inabana hewa."

Akavuta tena, ikasimama palepale. Mzee wa benchini akapunguza redio. Fundi akaenda kuleta kipande cha bomba la maji, akakivika kwenye mpini wa spana ili uwe mrefu, apate nguvu zaidi.

Naukumbuka muda ule kuliko mitihani yangu yote. Kama ni kompresheni kweli, nikisema kitu nitakuwa msomi anayemfundisha fundi kazi, mbele ya watu. Kama ni valvu inayogusa pistoni, nikinyamaza, nitakuwa nimekaa kwenye benchi na kutazama chakula chetu kinavunjwa kwa bomba la maji. Na kama hajui, je, anajua kwamba hajui? Na mimi, najua nini?

"Fundi, naomba usivute," nilisema.

"Kwa nini?"

"Sijui."

"Huko chuo kikuu ndiko wanakofundisha 'sijui'?"

Mzee alicheka kwa kikohozi. Fundi akavuta, si kwa nguvu zake zote, na ndani ya injini kukasikika tok, kama mtu anayegonga mlango wa chuma kwa ufunguo. Aliachia bomba. Kisha fundi akasema labda ni kaboni, masizi yaliyoganda ndani, lakini alisema akitazama chini, na ilikuwa mara ya kwanza siku ile kumsikia akisema labda.

Mama akaingia langoni wakati huo, hotipoti mkononi. Alisema ameniletea wali. Chakula kilikuwa kisingizio, alikuja kukagua. Walisalimiana na fundi kwa Kigogo, mbukwa na mbukwenyi, akauliza hali ya mzee wa benchini, na bado hajamaliza kuulizia alikuwa ameshainama juu ya injini, mkono mmoja umeshika kanga isiguse oili. Uso wake ukachangamka kama mtu aliyekutana na ndugu stendi.

"Zipo," alisema. "Zote mbili zipo."

"Nini zipo, mama?" fundi aliuliza.

"Alama zangu."

Fundi aliinuka taratibu. "Alama zako."

"Si nilizipaka mwenyewe. Gari lilivuja oili hapa mbele, fundi niliyempelekea kwanza akafungua hili kava atafute panapovuja. Nikaona vyuma vizuri, nikajua siku moja mtu atanibadilishia. Nikapaka kila nilichofikia." Aligusa puli ya juu kwa kidole. "Sasa nimeona. Hujanibadilishia. Asante, fundi."

Hapo ndipo akili yangu ilipokubali kunijibu. Ile ilikuwa rangi ya kucha. Mama hakuwahi kupaka kucha maishani mwake, lakini kichupa chake cha rangi nyekundu kilikuwa kabatini siku zote, kwa ajili ya sufuria. Mtaani kwetu sufuria zilitoka kwenda msibani na harusini kwa makumi, zikachanganyika na za wengine kwenye jiko moja, na kila mwanamke alikuwa na rangi yake aliyoidondoshea kwenye kitako cha chombo ili arudishiwe kilicho chake. Jirani wa kushoto alikuwa na kijani. Nyekundu ilikuwa yetu. Nilikuwa nimeosha nukta zile tangu nikiwa mdogo.

Fundi alikaa juu ya tairi. "Mama," alisema, "hii si sufuria."

"Sufuria zangu hazijawahi kupotea."

"Nimefunga mkanda kwa hizo alama zako. Nilidhani ni za fundi."

Mama alinitazama, akatazama lile bomba, akatazama injini. Alikuwa mwepesi wa kuelewa. "Umeizungusha?"

"Kwa mkono tu."

"Imefanyaje?"

"Imegoma."

"Ukaivuta?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Fundi aliinuka kwenye tairi. Alinigeukia mimi. "Binti alikuwa anatazama. Tangu asubuhi hajapepesa. Aseme yeye."

"Sema," mama alisema.

Sikuwa nimewaza kwamba mlinzi wa gari anaweza kugeuzwa shahidi. Nikisema alivuta sana, mama atalisukuma gari nje ya geti vilevile lilivyo, vipande vipande, na Haneti imekwisha. Nikisema alivuta kidogo, na kumbe valvu imepinda, nitakuwa nimemsafisha mtu aliyetuua. Niliona mama anaanza kushuku kwamba nimekula njama na fundi. Fundi naye alikuwa anashuku kwamba nimekula njama na mama, kwamba huenda hata alama zile niliziandaa mimi, kumtega.

"Alivuta, ikagonga mara moja, akaacha," nilisema. "Nilimwambia asivute. Kama imepinda au haikupinda, sijui."

"Hilo 'sijui' lake," fundi alimwambia mama, "amelisema tangu mapema."

Alitoa mkanda. Safari hii aliosha puli zote kwa dizeli na brashi mpaka chuma kikawa cheupe, na kwenye ukingo wa puli ya juu kikatokea kidonda kidogo kilichogongwa kiwandani, kama alama ya kucha kwenye unga, mbali kabisa na nukta nyekundu. Ya pampu nayo ilikuwa na chake. Akavileta kwenye vinundu, akapima kwa jicho, akapima kwa ncha ya bisibisi, akamwita hata yule mzee aje aone. Mzee akaja, akaona, akarudi haraka kwenye gari lake.

"Yule fundi wa kwanza hakukwambia kwamba mkanda umechoka?" fundi alimuuliza mama akiwa ameinama.

"Alisema. Nikajua ananitafutia kazi."

Fundi alifunga mkanda, tenshina ikakaza. Kisha hakuzungusha. Alifuta mpini wa spana, akamnyooshea mama.

"Zungusha wewe."

"Mimi?"

"Kesho usije ukasema nilivuta."

Mama akafunga kanga vizuri, akashika spana kwa mikono miwili. Injini ilisogea. Ilifika mahali ikawa nzito, nikaona mabega yake yamekakamaa, nikafumba macho, kisha nikasikia pumzi ndefu ikitoka ndani ya chuma na spana ikashuka.

"Hiyo ndiyo kompresheni," fundi alisema. "Inabana, halafu inaachia. Ile ya kwanza haikuachia."

"Na wewe ulikuwa hulijui hilo?"

"Nilikuwa nalijua. Niliamini alama zako."

Mama alizungusha tena, na tena, kila mara ikabana na kuachia, na kila mara vidonda vya kiwandani vikarudi mahali pake. Kisha wakagombana juu ya nukta nyekundu. Fundi alitaka kuzifuta kwa petroli. Mama alisema akizifuta atajuaje vyuma ni vyake. Fundi akasema hakuna mwizi duniani anayehangaika kuiba puli ya kamshafti, ile ya juu. Mama akauliza amejuaje wezi wanahangaika na nini. Walikubaliana mwishowe kwamba nukta zitafutwa mbele na mama atapaka nyuma ya kava, mahali ambapo hakuna fundi atakayepasoma. Siku ile hakuwa na kichupa, kwa hiyo fundi akampa rangi ya bodi ya gari, ya bluu. Aliipaka bila kuifurahia. Bluu ilikuwa ya mama mmoja wa mtaa wa pili.

Fundi alirudisha kila kitu mahali pake, na gari likawaka kwenye jaribio la pili. Moshi ulitanda uwanjani, ukapungua, injini ikatulia. Mama alikaa kwenye usukani, kichwa ameinamisha upande.

"Sauti si ileile."

"Ni ileile," alisema fundi.

"Ilikuwa nyororo zaidi."

"Binti?" fundi aliniuliza, kwa uchovu.

Nilisikiliza mpaka nikaanza kusikia vitu vitatu tofauti. Fundi alichomoa kile kitaa cha dashibodi kisiendelee kutuwakia bure, mama akanyoosha mkono, akakipokea, akakitia kwenye pochi.

"Valvu iliyopinda ingekwambia hapahapa," fundi alisema. "Nenda Haneti. Likigoma, nipo."

"Najua upo," mama alisema. "Nyumba yako naijua." Ya kwake alikuwa anaijua kweli.

Tuliondoka alfajiri ya siku ya mnada. Njia yote nilikuwa nasikiliza. Kwenye vilima mama alipunguza gia mapema kuliko kawaida yake, na kila alipopunguza nilijua naye anasikiliza. Tulifika Haneti watu wakiwa bado wanapanga bidhaa zao chini. Wale wafanyabiashara wawili walikuwa wamekaa juu ya magunia yao. Pembeni yao lori la mtu mwingine lilikuwa limefungua ubavu, utingo wake ameegemea tairi, anasubiri.

Mama alirudisha pikapu nyuma hadi kwenye magunia, akavuta handibreki, akateremka. Hakuzima injini.

Wakaanza kupakia. Moshi wa dizeli ulikuwa unapiga kwenye magunia. Mmoja wa wale wafanyabiashara, mtu mzima mwenye kofia ya sufi, akaja akifukuza moshi kwa mkono.

"Mama, zima basi. Alizeti itanuka."

"Pakieni tu."

"Au haliwaki ukilizima?" Alicheka, lakini alimtazama yule utingo wa lori. Yule mwenzake akasimamisha gunia mabegani, asiendelee wala asilishushe.

Mama alinifuata upande wangu wa dirisha. Aliinama kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. "Wewe unaonaje?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Hakuwa amewahi kuniuliza hivyo juu ya gari. Nilitaka kumweleza yote, hoja za kuzima na hoja za kutozima, na jinsi kila upande ulivyokuwa na tundu lake. Niliona mkono wake juu ya mlango, na ukucha wa kidole gumba bado una bluu.

"Zima, mama."

Akazunguka, akapanda, akazima.

Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko mnada. Magunia yalipanda moja baada ya jingine, springi za nyuma zikashuka. Mama alilipanga turubai mwenyewe, akamlaumu kila mtu juu ya kamba, akakataa uji aliokaribishwa. Hakuna aliyemharakisha, na yeye hakujiharakisha, kama mtu anayeahirisha kufungua barua. Yule utingo wa lori bado alikuwa ameegemea tairi lake.

Mwisho hapakuwa na kitu kingine cha kufunga. Mama akapanda, akafungua swichi nusu, akasubiri hita ipashe moto. Alisubiri zaidi ya inavyohitajika. Kisha akamalizia.

Injini ilishika mara moja. Ilinguruma, ikatetema, ikatulia, na yule mwenye kofia ya sufi akapiga bodi ya pikapu kwa kiganja, kama mtu anavyompiga ng'ombe wake ubavuni, akatupungia tuondoke. Lori likafunga ubavu wake.

Mama hakutabasamu. Aliangalia kioo cha pembeni, akaniambia nishuke nikaangalie kamba ya nyuma kama imekazwa. Nilishuka, nikaangalia. Ilikuwa imekazwa vizuri kabisa. Nikaivuta tena, halafu nikapanda.